Paka wa Shangazi

Nimefanya kazi ya maabara kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo nimekosea mara nyingi. Makosa mengi yalikwisha siku ile ile: sampuli ilirudiwa, mkubwa wangu akafoka, nami nikaomba radhi. Lakini liko kosa moja lililoleta heri badala ya shari, na ajabu ni kwamba hilo ndilo limenisumbua kuliko yote. Lilitokea kwa ajili ya paka.

Kwetu ni Utemini, katika mji wa Singida. Aliyewahi kufika anajua upepo wetu, unaovuma kana kwamba una kesi na mabati ya watu, na anayajua yale majabali makubwa yaliyopandana mithili ya magunia ya mtu aliyekusudia kuhama. Kutoka kwa Shangazi, ukitembea bila haraka, wafika mahali uwezapo kuliona Ziwa Singidani likimeremeta kwa chumvi yake. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, na chumba kimoja alikuwa amekigeuza ghala la mtama na alizeti. Palipo na alizeti pana panya, na palipo na panya mtu mwenye akili hufuga paka. Yeye alikuwa nao watatu. Kwetu paka hafugwi kwa mapenzi, hufugwa kwa kazi. Lakini Shangazi alizoea kuzungumza nao jioni akipika, na jambo hilo majirani walilitazama kwa jicho la pembeni. Tena macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Ndugu msomaji, kama umeishi katika mikoa yetu ile, sina haja ya kukueleza maana ya bibi mjane, asiye na mtoto, mwenye macho mekundu na paka watatu.

Mwaka 1999 mkwe wa nyumba ya jirani, msichana mpole aliyeolewa miaka mitatu nyuma, alipoteza mimba kwa mara ya pili. Alipelekwa kliniki, na huko mhudumu mmoja akamwuliza, pamoja na maswali mengine, kama nyumbani kwao kuna paka. Lilikuwa swali halali kabisa. Ningekuwa mimi ningeliuliza. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma, kilichogunduliwa mwaka 1908 huko Tunis katika mwili wa mnyama mdogo mfano wa panya, na baadaye sana, kufikia mwaka 1970, wataalamu wakathibitisha kwamba paka ndiye anayekizalisha kwa wingi tumboni mwake na kukitoa katika kinyesi. Mama mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mimba yaweza kuharibika au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo.

Swali hilo lilitoka kliniki likiwa swali, likafika Utemini likiwa jibu. Mama mkwe alijibu kwamba wao hawana paka, ila jirani anao watatu. Baada ya wiki moja watu kisimani walikuwa wakisema kuwa hospitali imethibitisha. Imethibitisha nini, hakuna aliyeuliza. Zamani mtu aliyetaka kumshitaki mwenziwe kwa uchawi alihitaji mganga. Safari hii walisema wana daktari.

Nilipata habari kwa barua ya binamu yangu. Aliandika kwamba paka mmoja ameuawa kwa sumu, kwamba mawe yametupwa juu ya bati la Shangazi usiku mara mbili, na kwamba vijana fulani wamesikika wakisema maneno. Wakati ule habari za vikongwe kuuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu zilikuwa za kawaida mno magazetini. Niliomba ruhusa kazini nikapanda basi.

Hapa naomba nipindue ukurasa kidogo, kwani Singida ina kumbukumbu yake juu ya jambo hili. Wazazi wetu waliishi katika miaka ya 1946 na 1947, ambapo watu wengi wilayani walikutwa wameuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya kucha za simba. Serikali ya kikoloni ilikamata watu, ikawashitaki kwamba ndio waliofanya mauaji hayo huku wakivaa ngozi za simba, na baadhi yao wakanyongwa. Mpaka nikiwa mtoto mama yangu hakupenda neno simba litajwe baada ya jua kuchwa. Nilipokuja kuingia chuo cha maabara nikasoma kwamba tangu mwaka 1901 daktari Mjerumani, Paul Uhlenhuth, alikwisha kuonyesha namna ya kutofautisha damu ya mtu na damu ya mnyama kwa kutumia seramu ya sungura aliyedungwa damu ngeni. Nilifurahi mno siku ile. Nilijiona nimepata ufunguo wa mlango ambao wazee wetu waliugonga gizani. Kumbe ufunguo na mlango ni vitu viwili, na kila mlango una kitasa chake.

Basi, nilifika nikamkuta Shangazi amekaa kizingitini, amenyamaza. Paka mmoja alikuwa juu ya mapaja yake, wa kijivu mwenye sikio lililopasuka.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Umekuja kunizika mapema?"

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilikwenda kwa jirani, nikaongea na mzee wa nyumba kwa adabu zote, nikamwambia kwamba katika maabara yetu tuna kipimo cha ugonjwa huo wanaousema, na kwamba mkwe wao akikubali nitachukua damu yake nikapime bila malipo. Yule msichana mwenyewe ndiye aliyenyosha mkono wa kwanza. Zilikuwa zimepita wiki saba tangu mimba itoke. Mzee akasema, "Na paka je?" Watu waliokuwapo wakaitikia: na paka apimwe. Nikasema vema, na paka atapimwa. Nilisema upesi mno. Niliona ni jambo la haki kwamba mshitakiwa apimwe pamoja na mlalamikaji.

Kumtoa damu paka si kazi ya mchezo. Bwana mifugo mmoja alinisaidia; tulimtia katika gunia tukamwacha mguu mmoja wa mbele nje, naye akatutia alama mikononi ambazo moja ninayo hadi leo. Damu ikaganda, nikakusanya seramu katika vichupa, nikavitia ndani ya chupa ya chai yenye barafu, nikarudi kazini nikiwa nimeipakata safari nzima kama mtoto.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, maana bila kukielewa hutalielewa kosa langu. Kinaitwa elisa. Kilibuniwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann huko Stockholm, na mwaka huo huo na wataalamu wengine wa Uholanzi waliokuwa wakiwaza jambo lile lile. Unakuwa na sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja chaweza kuzibwa kwa ncha ya kidole kidogo. Chini ya vishimo hivyo zimebandikwa protini za kimelea unachokitafuta. Unaweka seramu ya mgonjwa. Kama mwili wake uliwahi kukutana na kimelea hicho, una kingamwili zake, nazo zitaking'ang'ania pale chini hata ukiosha. Ila jicho la mtu haliwezi kuziona. Kwa hiyo unaweka kingamwili za pili, ambazo kazi yake ni kuzitambua zile za kwanza, na hizi za pili zimefungiwa kimeng'enya, yaani protini yenye uwezo wa kuibadili dawa isiyo na rangi ikawa na rangi. Kimeng'enya kinachotumika sana hutolewa katika mzizi mmoja mkali ambao Wazungu huula pamoja na nyama. Unaosha tena, unaweka dawa, unangoja. Kishimo kikigeuka buluu, na ukikizima kwa asidi kikawa manjano, mgonjwa amekutana na ugonjwa. Kikibaki cheupe kama maji, hajakutana nao. Kwa njia za jamii hii damu za ng'ombe zilipimwa barani kote katika vita vya kuifuta sotoka, hata mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Mfugaji wa Singida hahitaji kuelezwa ukubwa wa jambo hilo.

Nilipima usiku, baada ya kazi za mchana kwisha. Seramu za kulinganishia zilizokuja na kipimo zilifanya kama zilivyotakiwa: ile ya mtu mwenye kingamwili ikawa manjano ya kupendeza, ile ya mtu asiye nazo ikabaki nyeupe. Kishimo cha msichana kilibaki cheupe. Kishimo cha paka kikabaki cheupe. Nilirudia kesho yake, mambo yakawa yale yale. Nikaketi juu ya kigoda nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nilirudi Utemini Jumamosi iliyofuata. Watu walikusanyika uwanjani kwa jirani, wengi kuliko nilivyotazamia, na mwenyekiti wa mtaa akiwapo. Nikawaeleza pole pole kwamba binti huyu hajawahi kuupata ugonjwa wa paka, kwani angeupata wakati wa mimba ya kwanza au ya pili, kingamwili zingekuwapo katika damu yake, na hukaa humo maisha yote. Sababu ya mimba kutoka ni nyingine, itafutwe hospitali kubwa. Walinitazama tu. Kisha nikasema: na paka naye hana. Hapo uwanja mzima ukapumua. Mtu mmoja akacheka. Mzee wa jirani akasimama, akaenda mwenyewe mpaka kizingitini kwa Shangazi, akamwamkia. Mawe yalikoma. Kwa muda mrefu nilipopita Utemini watoto waliniita daktari wa paka.

Mwaka 2000 alikuja kwetu kijana mmoja kujifunza kazi. Alikuwa mwepesi wa kuuliza. Siku moja nikimwonyesha sahani ileile akasema, "Mzee, hapa tukiweka seramu ya kondoo, itasoma?" Nami bila kufikiri nikamjibu, "Haiwezi. Hizi kingamwili za pili zimetengenezwa kwa kumdunga mbuzi protini za mtu. Zinamjua mtu tu. Za kondoo zitapita hapo chini zikitazamwa kama mgeni asiye na kitambulisho." Nikafungua kinywa ili niendelee, kikabaki wazi.

Damu ya paka ingeweza kujaa kingamwili pomoni, na kishimo kingebaki cheupe. Kilikuwa cheupe kwa sababu hapakuwa na chochote cha kuzitambua. Ningeweza kuweka maji ya Ziwa Singidani nikapata jibu lile lile. Na kilichonipofusha ni zile seramu za kulinganishia: zilifanya kazi vizuri, nikaridhika, nisijiulize kwamba zote mbili ni za watu. Sikuwa na seramu hata moja ya paka wa kulinganishia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepigwa kalamu nyekundu.

Kile nilichokihitaji kipo na kinauzwa. Mbuzi hudungwa kingamwili zilizosafishwa kutoka katika damu ya paka. Mwili wa mbuzi, usiomfahamu paka, huzichukulia kuwa adui na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Hizo hutolewa, husafishwa, hufungiwa kimeng'enya kile kile cha mzizi mkali, hutiwa katika kichupa kidogo. Tone lake moja humtambua paka popote alipo. Hata damu ya simba huweza kuitambua, kwa kuwa simba na paka ni ukoo mmoja na protini zao zinafanana. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama yangu na neno lake lisilotajwa usiku.

Ningeweza kunyamaza. Seramu ya paka ilikuwapo bado ndani ya friza, vichupa viwili vyenye maandishi yangu. Mara kadhaa nilifungua mlango wa friza nikavitazama nikafunga. Mwishowe nilimwandikia rafiki yangu mmoja wa chuo cha mifugo aliyekuwa masomoni Ulaya, naye mwaka 2001 akaniletea kichupa hicho pamoja na seramu mbili za paka, ya mwenye ugonjwa na ya asiye nao. Nikapima usiku tena, kama mwizi. Kishimo cha paka wa Shangazi kiligeuka buluu kabla ya dakika tano kwisha. Nilipoweka asidi kilikuwa manjano ya kiini cha yai.

Lakini hilo manjano linasema nini? Hapa ndipo niliposoma usiku na mchana. Paka hukitoa kimelea kwa wingi anapoambukizwa mara ya kwanza, kwa kawaida akiwa mdogo na ameanza kula panya, kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Kisha mwili wake hupata kingamwili, na utoaji hukoma. Mara nyingi haurudi tena. Kwa hiyo paka ambaye kishimo chake ni cha manjano ni paka aliyekwisha kumaliza. Wa kuogopwa zaidi ni yule mdogo ambaye kishimo chake bado ni cheupe! Yaani pale uwanjani ningelisema ukweli, "paka huyu ana kingamwili," watu wangesikia "ana ugonjwa," na Shangazi angekwisha. Na ningelisema maneno ya kweli tupu kwa kipimo cha kweli. Tena paka siye njia pekee. Kimelea hukaa udongoni kwa miezi, huingia kwa mboga zisizooshwa, na huingia kwa nyama isiyoiva, ya mbuzi na ya kondoo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wajawazito wa Mwanza, takriban watatu kati ya kumi walikutwa na kingamwili hizo. Utemini wanaume walikaa kila Jumapili wakila mbuzi choma yenye damu katikati, na hakuna aliyempelekea mbuzi mawe.

Nilisafiri nikamweleza Shangazi. Alikuwa akipepeta mtama, hakuacha.

"Kwa hiyo alikuwa na ugonjwa au hakuwa nao?"

"Aliwahi kuwa nao, ukapita."

"Kama surua."

"Kama surua, Shangazi."

"Na mimi niliugua surua." Akapepeta tena kidogo. "Sasa wataka kwenda kuwaambia?"

Nikamwambia dhamiri yangu hainipi nafasi. Akaweka ungo chini, akanitazama kwa macho yale mekundu.

"Dhamiri yako inakaa kwenye nyumba ya matofali, baba. Mimi ninakaa hapa. Nyamaza mpaka nife, kisha uwaambie hata redioni."

Nikanyamaza. Sijui kama nilitii kwa heshima au kwa woga wa kuonekana mjinga mbele ya uwanja ule. Nadhani vyote viwili vilikuwapo, na sikutaka kuvipima.

Shangazi alifariki mwaka 2012, kwa uzee, kitandani mwake. Baada ya kuanua matanga nilikwenda kwa jirani kuaga. Mzee wa nyumba alikwisha kutangulia. Yule msichana sasa alikuwa mama wa watoto wawili, maana alitibiwa baadaye katika hospitali kubwa ya mkoa mwingine, na ndiye aliyekuwa mwenye mji. Alinitengea kigoda na chai ya maziwa. Miguuni pangu akaja kujisugua paka wa kijivu, mdogo, na kabla sijauliza akaniambia kwamba ni wa uzao wa wale wa Bibi. Amemchukua kwa kuwa panya wamezidi.

Nikaona kwamba siku imefika. Nikamweleza yote, tangu kichupa hadi kichupa: kwamba jibu la damu yake lilikuwa la kweli, lakini jibu la paka halikuwa jibu, na kwamba nilisema mbele ya watu kitu ambacho sikukijua. Alisikiliza huku akimenya viazi. Nilipomaliza akafikiri kidogo.

"Mimi siku ile nilisikia habari ya damu yangu," akasema. "Niliambiwa sina kitu, nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumchukia Bibi. Hiyo ya paka waliisikia wao."

Kisha akainuka kumfukuza kuku aliyeingia jikoni, akarudi, akaniuliza kama huyu mdogo naye anafaa kupimwa, kwa kuwa binti yake mkubwa naye iko siku ataolewa. Nikamwambia haina haja. Amfundishe tu kuosha mboga, kunawa mikono akitoka bustanini, na kuivisha nyama.